Mvua ya Saa Tisa

Mwalimu wa Kamembe, wilayani Rusizi nchini Rwanda, hangoji kengele imwambie somo limekwisha. Matone ya kwanza yakigonga bati, anapaza sauti. Yakizidi, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Mvua yenyewe ikishamwagika, anaweka chaki chini ya ubao, anasogea dirishani, na watoto wanageuza daftari upande wa nyuma waanze kuchora magari. Shule haijafungwa. Mwalimu mkuu hajaandika barua, redio haijatangaza kitu, na daftari la mahudhurio linaonyesha wote wapo. Hata hivyo kwa dakika arobaini darasa zima halifundishwi lolote.

Kosa ni la bati lisilo na dari. Tone kubwa la mvua ya radi huanguka kwa mwendo wa takriban mita 9 kwa sekunde, na likikuta bati jembamba lililopigiliwa juu ya kenchi tupu, bati hilo linatikisika kama ngozi ya ngoma. Weka dari chini yake na kelele itapungua kiasi cha kusikilizana. Lakini dari ni pesa, na shule inayojengwa kwa michango hukamilisha kwanza kuta, halafu paa, halafu madirisha, na dari husubiri mwaka ambao haufiki.

Naanza na bati kwa sababu mtu akisikia kwamba hali ya hewa imefunga shule, picha inayomjia ni ya mji mkubwa wa ng'ambo uliofunikwa na theluji. Nina mpwa wangu Chicago. Alinipigia Jumatano ya tarehe 30 Januari 2019, akiwa nyumbani saa ambazo kwa kawaida angekuwa darasani. “Mjomba, leo na kesho hakuna shule, mji mzima.” Siku hiyo kipimajoto cha huko kilishuka hadi nyuzi 30 na ushei chini ya sifuri, na ukijumlisha upepo, mwili ulihisi baridi inayokaribia 46 chini ya sifuri. Kwa baridi ya namna hiyo ngozi iliyo wazi huanza kuganda kabla ya dakika kumi kupita, na mtoto anayengoja basi kituoni huweza kungoja zaidi ya hapo.

Kilichofungwa Chicago kilikuwa njia ya kwenda shule. Madarasa yana vipasha joto, na mtoto akiwa ndani hana shida. Shida iko kati ya mlango wa nyumbani na mlango wa shule: kituo cha basi, injini ya dizeli isiyowaka, barabara iliyoganda, dereva aliyekwama kwao. Ndiyo maana miji hiyo hujitahidi kutoa uamuzi jioni ya kuamkia siku yenyewe, au alfajiri sana kabla basi la kwanza halijaondoka gereji. Lakini wakuu wa miji mikubwa husitasita. Mji mkubwa una treni na magari ya kusafisha theluji ambayo kijiji hakina, na una maelfu ya watoto ambao chakula chao cha uhakika ni kile cha shuleni. Ukifunga, wengine watashinda njaa.

Mpwa wangu aliniuliza kwa nini na sisi hatufungi, maana anakumbuka mvua za kwao. Swali ni zuri, na jibu lake limo katika saa. Baridi ya Chicago huwakuta watoto wakiwa nyumbani. Dhoruba yetu huwakuta wakiwa shuleni. Kule kufunga ni kumwambia mtoto asitoke. Kamembe, ukifunga saa tisa alasiri wingu likiwa limeshatanda, unamwambia atoke, na unamtoa kwenye paa unampeleka chini ya radi.

Kwa nini saa tisa? Kamembe imekaa kwenye mgongo wa kilima juu ya Ziwa Kivu. Uwanja wake wa ndege uko karibu mita 1,590 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini yake kama mita 130. Mashariki kuna msitu wa Nyungwe na safu ya milima inayogawa maji ya Kongo na ya Nile. Jua la asubuhi hupasha miteremko joto, hewa iliyo karibu na ardhi inakuwa nyepesi, inapanda mlima ikibeba unyevu wa ziwa na wa msitu, na kila inavyopanda inapoa. Kufika saa sita mawingu meupe yameanza kurundikana. Kufika saa nane matumbo yake ni meusi. Usiku mambo hugeuka: hewa baridi huteleza kutoka vilimani kushukia ziwani, ambako maji bado yana joto, inaisukuma juu hewa yenye unyevu, na ngurumo huanzia ziwani kabla hapajapambazuka. Wavuvi wa dagaa waitwao sambaza wanaijua dhoruba hiyo ya pili kuliko mtaalamu yeyote.

Kalenda nayo haisaidii. Masika, ambayo kwa Kinyarwanda ni Itumba, huanza mwishoni mwa Februari na kushika kasi Machi na Aprili. Vuli, yaani Umuhindo, huanza Septemba, na shule hufungua mwaka Septemba hiyohiyo. Miezi mikavu kuliko yote, ile ya Impeshyi, ndiyo ya likizo kubwa. Mtu angedhani mwaka wa masomo ulipangwa makusudi ukutane na mvua mara mbili.

Tangu Januari 2023 masomo nchini Rwanda huanza saa 2:30 asubuhi badala ya saa 1:00, na siku humalizika saa 11:00 jioni. Kwa upande wa asubuhi naona serikali ilifanya jambo la maana kwetu, hata kama hali ya hewa haikuwa sababu yake. Mvua ya alfajiri inapata muda wa kukatika, ukungu unapanda, na njia ya kilimani inakauka kidogo kabla mtoto hajaikanyaga. Kwa upande wa jioni hakuna kilichobadilika. Saa 11:00 ndiyo dhoruba za alasiri zinamaliziamalizia, na jua la Kamembe huzama karibu saa 12:00 au dakika chache baadaye, mwaka mzima. Mwalimu mkuu akiwashikilia watoto nusu saa ili radi ipite, mtoto anayetembea mwendo wa saa nzima atafika kwao gizani. Akiwaachilia, wanatembea na radi. Hesabu hiyo huifanya akiwa amesimama barazani, na mara nyingi hana wa kumuuliza.

Radi ni jambo la kutazamwa kwa makini huku kwetu. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya data za miaka 16, ulitafuta sehemu 500 zinazopigwa na umeme wa radi kuliko zote duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilishika nafasi ya kwanza. Ya pili ilikwenda mashariki ya Kongo, kwa majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, na zaidi ya nusu ya sehemu zote hizo ziko Afrika. Tarehe 10 Machi 2018 radi iliua watu wasiopungua 15 ndani ya kanisa moja wilayani Nyaruguru, kusini mwa Rwanda. Juni 2011 iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda. Kote kuwili watu walikuwa ndani.

Kwa hiyo ndani si salama? Inategemea ndani ya nini. Umeme wa radi hutafuta njia ya kufika ardhini. Jengo lenye kinga radi huupa njia hiyo: ncha juu ya paa, waya mnene wa shaba ukutani, na chuma kilichozikwa kwenye udongo wenye unyevu. Jengo lisilo nayo huuacha ujitafutie, na njia inaweza kuwa fremu ya dirisha, ukuta uliolowa, au bega la mtoto aliyeegemea vyote viwili. Nimewahi kuona shule, si lazima niitaje, ambayo ncha bado imesimama juu ya paa kwa madaha lakini waya wa shaba ulishaibwa zamani ukauzwa kama chuma chakavu. Ncha ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na kitu, kwa sababu walimu wanaiamini.

Palipo na kinga nzima, kanuni ni ya kuhesabu. Ukiona mmweko, anza: moja, mbili, tatu. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ngurumo ikifika kabla ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na watoto wawe ndani, mbali na kuta na madirisha, pasiwe na mtu chini ya mkaratusi wa uwanjani. Baada ya ngurumo ya mwisho, ngojeni nusu saa kamili. Nusu saa hiyo ndiyo inayovunjwa kila siku, kwa sababu jua hutoka, ndege huanza kuimba, na kila mtu anataka kwenda kwao.

Jua hilo hudanganya kwa namna nyingine pia. Shuka Bugarama, nyanda za mpunga upande wa kusini wa wilaya, ambako joto ni la watu wa pwani. Mto Rubyiro unaopita huko hujazwa na maji ya vilima vya juu. Mvua inaweza kukatika Bugarama saa tisa, mbingu ikawa nyeupe kabisa, na mto ukaendelea kupanda mpaka jioni kwa sababu maji ya kilimani ndiyo kwanza yanawasili. Mtoto akifika kwenye daraja la magogo mawili anaona maji yanafika kwenye shavu la mguu tu. Lakini maji yakiongeza kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Sentimita 15 za maji yaendayo mbio zinatosha kumwangusha mtu mzima, seuze mtoto wa darasa la tatu mwenye kandambili na mkoba mgongoni.

Udongo huchelewa zaidi ya mto. Kilima hakiporomoki siku ya kwanza ya mvua. Hunywa kwanza, siku mbili, siku nne, na kikishashiba, hata mvua ndogo inatosha. Ndivyo ilivyokuwa usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko yalipoua watu zaidi ya 130, wengi wao kwenye wilaya zilizo kaskazini kwetu: Rutsiro, Rubavu, Karongi, Nyabihu, Ngororero. Na barabara ya kwenda Huye kupitia Nyungwe ikizibwa na udongo wakati wa kufungua muhula, wanafunzi wa bweni hukwama na masanduku yao stendi ya Kamembe. Walimu wanaovuka kwa boti kwenda kisiwa cha Nkombo wana hadithi yao na mawimbi ya asubuhi. Hapo darasa hufika lote, mwalimu peke yake ndiye hayupo.

Wakenya walijaribu njia ya kufunga kwa nchi nzima. Muhula wa pili wa 2024 ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili, na tangazo la kuusogeza hadi tarehe 6 Mei likatoka wakati wengine wameshafunga mizigo. Kisha Rais William Ruto akauahirisha bila kutaja siku, na shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Sababu ilikuwepo: baadhi ya madarasa yalikuwa yamezama, mengine yamegeuka makazi ya waliofurikiwa. Lakini amri moja ilimfunga mtoto wa kando ya Mto Tana pamoja na mtoto ambaye kwao hakukuwa na tope hata la kuchafua kiatu. Rusizi peke yake, wilaya moja, ina Kamembe ya kilimani, Bugarama ya bondeni na Nkombo ya majini. Amri moja haiwezi kuzitosha zote tatu.

Shirika la hali ya hewa, Meteo Rwanda, hutoa utabiri wa kila siku kumi, pamoja na ule wa siku hadi siku. Ule wa siku kumi unamfaa mkulima. Mwalimu mkuu anahitaji kujua saa saba mchana kama wingu la saa tisa litamkuta, na hapo bado anategemea macho yake na ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwenzake aliye upande wa Nyungwe. Binafsi ningempa ruhusa ya maandishi ya kufanya mambo mawili bila kumpigia afisa yeyote: kukatisha masomo mapema na kuwaachilia watoto wa mbali kabla wingu halijaiva, au kuwazuia wote mpaka nusu saa ipite, na kuwatafutia watu wazima wa kuwasindikiza wakitoka wamechelewa.

Na ningemtaka aandike. Mji wa theluji, siku ikipotea, inahesabiwa, na mara nyingi kalenda huwa imeitengea nafasi ya kufidiwa. Dakika arobaini za bati hazimo kwenye kitabu chochote. Wala asubuhi ya Bugarama ambayo nusu ya darasa ilibaki ng'ambo ya mto, wala wiki tatu ambazo madarasa mawili yalibanana chumba kimoja kwa sababu upepo ulikuwa umebeba paa la chumba cha jirani. Mtoto aliyebaki ng'ambo ya mto hukosa pia chakula cha mchana ambacho wazazi wake wamekwisha kukichangia, na hata anapofika, mpishi huwa bado anapuliza kuni za mkaratusi zilizolowa na maharage hayajaiva. Julai ikifika, mtihani wa kumaliza shule ya msingi anaopewa ni uleule anaopewa mtoto wa Kigali aliyesoma chini ya dari.

Wiki iliyopita nilipita kwenye shule moja karibu na barabara ya kushukia mpakani, mvua ikiwa inakatika. Mlinzi alikuwa amesimama kwenye geti, kufuli mkononi, anahesabu kwa sauti. Watoto nyuma yake walikuwa wameshavua viatu na kuvifunga kamba shingoni. Alifika ishirini na mbili, ikanguruma. Wakarudi barazani wakinung'unika, naye akaanza tena.