MATONE YA PRESHA YA MACHO: WAJIBU WA JAMAA NYUMBANI

Inafaa wananchi waelewe jambo moja linalowapotosha wagonjwa wengi wa presha ya macho, maradhi ambayo madaktari huyaita glakoma. Dawa ya matone haimrudishii mtu uoni alioupoteza. Kazi yake ni kushusha mgandamizo ndani ya jicho ili mshipa wa fahamu uendao kwenye ubongo usiendelee kufa. Aghalabu mgonjwa haumwi, na mbele anaona vyema huku pembeni pakififia. Akitia dawa mwezi mzima bila kuona tofauti, hukata shauri kuwa haimfai, akaiacha. Uoni uliopotea kwa maradhi haya haurudi kwa upasuaji, kama urudivyo kwa mwenye mtoto wa jicho.

Maradhi yenyewe si ya nadra. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta kiasi cha watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi wanayo.

Hali ya Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, inaonesha uzito wa suala hili. Kutoka Kibondo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, mjini Kigoma, ni zaidi ya kilomita 200. Mzee wa kijijini hawezi kuifunga safari hiyo kila chupa inapomwagika. Chupa ya timolol ya mililita 5 hutoa matone 100 hivi au zaidi. Kwa macho mawili, asubuhi na jioni, yanatumika 4 kwa siku, nayo inatosha takriban mwezi. Anayejiminyia matatu mahali pa moja huimaliza kabla ya nusu ya mwezi, akabaki mikono mitupu. Watumishi waliohamishwa na kuwaacha wazazi vijijini wanakumbushwa kupeleka fedha ya dawa kabla chupa haijakwisha.

Mikono ya mzee ikitetemeka, mkwe au mjukuu amtilie. Anawe mikono, mzee aegemeze kichwa nyuma, kope ya chini ivutwe, na tone moja liangukie humo bila ncha ya chupa kugusa jicho. Kisha mgonjwa afumbe macho na kubana kwa kidole pembe ya jicho iliyo upande wa pua, muda wa dakika mbili, ili dawa isiteremke puani na kuingia katika damu. Hilo si jambo dogo: timolol ikiingia mwilini huweza kumbana pumzi mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo, hivyo mwenye maradhi hayo amweleze daktari mapema. Ikiwa kuna dawa ya pili, isubiri dakika tano.

Kuhusu saa, Kigoma ina bahati yake. Kwa kuwa mkoa huo uko magharibi kabisa ya nchi, jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni, mwaka mzima. Asiye na saa ya mkono ana saa mbinguni, na mwanya wa saa 12 unaotakiwa hupatikana bila hesabu. Visiwani jua hutangulia, lakini kanuni ni ile ile. Wenye kufunga Ramadhani nao wasiache dawa: kwa madhehebu ya Shafi jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi, na mwenye wasiwasi anaweza kutia baada ya daku na baada ya futari.

Iko pia tiba ya leza. Majaribio yaliyofanywa katika Hospitali ya KCMC, Moshi, na kutangazwa mwaka 2021, yalionesha kuwa baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu katika macho 61 kwa mia, na timolol 31 kwa mia. Aliye mbali na huduma hiyo tegemeo lake ni chupa.

Siku ya kliniki mgonjwa aende na chupa zake zote, hata zilizokwisha, na aseme kweli siku alizoruka. Daktari akidhani dawa ilitumika yote na mgandamizo haukushuka, atamwandikia ya pili ambayo pengine haihitajiki, na gharama itazidi.