Apple na Wagavi Wake wa Prosesa

Prosesa hutekeleza maagizo yote ya kompyuta. Kampuni inayoinunua kwa mgavi hutegemea kasi ya mgavi huyo. Chunguza mfano wa kompyuta za Macintosh, zinazouzwa na Apple ya Marekani:

1. Kuanzia 1984: Zilitumia prosesa za Motorola.
2. Kuanzia 1994: Zilitumia PowerPC, iliyobuniwa na Apple, IBM na Motorola. Toleo la G5 lilitoa joto jingi mno, likashindwa kutumika katika kompyuta mpakato.
3. Kuanzia 2006: Apple ilihamia Intel.
4. Kuanzia Novemba 2020: Ilitumia M1, prosesa ambayo iliisanifu yenyewe. Uhamaji ulikamilika 2023.

Faida: Apple hupanga yenyewe sifa za prosesa yake.
Hasara: Katika kila uhamaji, waandishi wa programu walilazimika kuziandaa upya.

Zingatia: Utegemezi haukuisha. Apple husanifu tu. Anayezitengeneza kiwandani ni TSMC ya Taiwan. Hivyo, ukiulizwa kama Apple sasa inajitegemea, usijibu "ndiyo" pekee. Tofautisha usanifu na utengenezaji, kisha utoe mfano.