Mkataba wa Dalali Umekwisha: Kamisheni Je?

Tuseme nyumba ya Mbezi imekaa sokoni miezi mitatu. Mkataba kati ya dalali na mwenye nyumba umefika mwisho, na wiki mbili baadaye mtu aliyetembezwa na dalali huyo anampigia simu mwenye nyumba moja kwa moja. Wanaelewana kwa shilingi milioni 200. Ikiwa kamisheni ilikuwa asilimia 5, kuna milioni 10 ambazo muuzaji na mnunuzi wote wanaona wameziokoa. Wengi huamini kwamba mkataba ukishakwisha, deni nalo limekwisha. Sivyo. Tarehe peke yake haifuti haki ya dalali. Kinachoamua ni maneno ya mkataba na kazi iliyozaa mauzo.

Kamisheni ni malipo ya matokeo, si ya jasho. Katika kesi ya Luxor dhidi ya Cooper ya mwaka 1941, iliyohusu majumba ya sinema, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilimnyima dalali pauni 10,000 kwa sababu mauzo hayakukamilika, ingawa alikuwa amepata wanunuzi. Kama hasara ya kazi isiyozaa matunda humwangukia dalali, basi ni haki alipwe matunda yanapokuja, hata yakichelewa. Vinginevyo kila muuzaji angesubiri tu tarehe ipite. Ndiyo maana kanuni za Uingereza za mwaka 1991, zinapoeleza mkataba unaompa dalali haki ya pekee ya kuuza, zinasema wazi kwamba mwenye mali atadaiwa hata baada ya muda kwisha, iwapo mnunuzi alitambulishwa kwake au alijadiliana na dalali ndani ya muda huo.

Hapo dalali anaweza kudai kwamba kila aliyewahi kuingia mlangoni naye ni wake milele. Dai hilo nalo halisimami. Mwaka 2008, katika kesi ya Foxtons dhidi ya Bicknell, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilishughulikia wanunuzi waliooneshwa nyumba na dalali wa kwanza wasivutiwe, kisha wakainunua kupitia dalali mwingine. Wa kwanza alishindwa: kumwonesha mtu nyumba hakutoshi, bali awe amemwingiza katika ununuzi wenyewe. Uamuzi huo haufungi mahakama za Dar es Salaam wala Nairobi, lakini sheria zetu za mikataba zina asili ya Kiingereza, na hoja yake ina uzito. Nchini Kenya kuna swali la kutangulia yote: je, dalali amesajiliwa? Sura ya 533 ya sheria za nchi hiyo inafanya kazi ya uwakala wa nyumba bila usajili kuwa kosa, na asiyesajiliwa anadai akiwa na mguu mmoja nje.

Mnunuzi naye huuliza kama atadaiwa. Kwa kawaida aliyemtuma dalali ni muuzaji, na anayetuma ndiye anayelipa. Lakini kama mnunuzi aliweka sahihi kwenye fomu ya kutembezwa yenye ahadi ya malipo, hiyo ni ahadi yake mwenyewe. Aisome kabla ya kupiga simu, na asidhani bei itapungua kwa kiasi cha kamisheni ambayo muuzaji huenda bado anadaiwa.

Wapo watakaosema masharti ya baada ya mkataba humfunga muuzaji mikono. Humfunga yasipokuwa na mpaka. Yakitaja muda, tuseme miezi mitatu, na dalali akakabidhi siku ya mwisho orodha ya majina na tarehe za watu aliowatembeza, kila upande unajua ulipo: muuzaji yuko huru kumuuzia yeyote asiye kwenye orodha, na dalali hawezi kuongeza majina baadaye. Karatasi hiyo moja, yenye sahihi mbili, ni bora kuliko kesi ya miaka. Muuzaji asiyepewa karatasi hiyo aidai kabla ya kupokea hata senti ya mnunuzi.