Kuzungumza na Mwanasaikolojia kwa Simu: Mama Atarajie Nini?

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kama una mtoto wa kunyonyesha, mnyonyeshe huku ukisikiliza. Leo tunazungumza juu ya afya ya mama mwenyewe.

Mama mmoja alileta mtoto kliniki kupimwa uzito. Mtoto alikuwa na miezi minne na anaendelea vizuri, lakini mama alikuwa amekonda. Likizo yake ya uzazi, ile miezi mitatu ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ilikuwa imekwisha na amerudi shambani kukata maua. Akaniambia, "Sista, usiku silali hata mtoto akilala. Wakati mwingine namtazama huyu mtoto naona kama si wangu."

Akina mama, huo si uvivu wala si laana. Ni kawaida mama kulialia siku chache baada ya kujifungua. Lakini huzuni ikizidi majuma mawili, usingizi ukapotea na raha ya mtoto ikakosekana, huo ni ugonjwa unaoitwa mfadhaiko baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linasema huwapata akina mama karibu 13 kati ya 100 duniani, na katika nchi kama zetu huwa wengi zaidi, karibu 20 kati ya 100.

Nilimweleza yule mama kwamba anaweza kusaidiwa na mwanasaikolojia wa kliniki. Lakini kutoka hapa mpaka Nakuru mjini na kurudi ni nauli na siku nzima, naye siku ya ofu ni moja tu kwa juma. Ndipo tukafikiria njia ya simu. Aliniuliza maswali mazuri, nami ninawapitishia.

"Kwani mtu hutibiwa kwa maneno?"

Ndiyo. Jirani zetu wa Uganda walithibitisha jambo hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, watu wenye mfadhaiko katika vijiji vya Masaka na Rakai walikutana kwa vikundi mara moja kwa juma, kwa majuma 16, wakafundishwa kuzungumzia matatizo yao. Walipona kwa wingi kuliko wale ambao hawakupata vikundi hivyo. Wale walikutana ana kwa ana. Kwa simu kazi ni ile ile ya mazungumzo, ila wewe uko Kamere na yeye yuko kwingine.

Mwanasaikolojia hakuandikii dawa. Akiona unahitaji dawa, atakutuma kwa daktari. Ukipewa dawa, mwambie daktari kwamba unanyonyesha, na usiache kunyonyesha kabla ya kumwuliza.

"Siku ya kwanza ataniuliza nini?"

Atajitambulisha, kisha atakuuliza uko wapi wakati huo na namba ya mtu unayemwamini. Usishtuke. Anataka kujua atampigia nani kama utazidiwa naye yuko mbali. Ataomba idhini yako kabla ya kuanza, na hapaswi kurekodi sauti yako bila wewe kukubali.

Halafu atauliza juu ya usingizi, chakula, mtoto, mume, kazi, na kama umewahi kufikiria kufa au kumdhuru mtoto. Mjibu ukweli. Swali hilo haliwezi kukutia wazo baya, linakupa nafasi ya kulitoa. Huenda akatumia maswali 10 yaliyotungwa Edinburgh, Uingereza, mwaka 1987, ambayo hutumika kwa akina mama katika nchi nyingi.

Mazungumzo huchukua kama dakika 45 hadi saa moja, mara nyingi mara moja kwa juma. Unaweza kulia. Unaweza kumaliza umechoka kuliko ulivyoanza. Wengi huacha hapo, wakisema, "Hakunipa chochote." Usiache, maana mzigo uliobebwa miezi mingi hautuliwi siku moja. Atakupa pia kazi ndogo ya nyumbani, kama vile kutembea kidogo kila jioni au kumwomba shangazi ashike mtoto ulale. Ifanye, kwa sababu hiyo ni sehemu ya matibabu.

"Je, siri yangu itakaa?"

Anatakiwa kuitunza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti. Lakini kuna mipaka, na ni vizuri uijue mapema: kama maisha yako yako hatarini, au mtoto anadhuriwa, atalazimika kumhusisha mtu mwingine ili msaidiwe. Mwulize akueleze mipaka hiyo kabla hujaanza.

Lakini siri huvuja zaidi upande wetu. Nyumba zetu za ploti ni chumba kimoja, na ukuta wa mabati hauna siri. Yule mama alikuwa akizungumza kwenye kibanda cha rafiki yake kikiwa kimefungwa. Mwingine anaweza kuomba chumba kliniki, au kukaa mahali wazi anapoona anayekuja. Afadhali mahali penye watu mbali kidogo kuliko kichakani peke yako.

Kubalianeni neno la siri. Yule mama akisema, "Maziwa nitaleta kesho," mwanasaikolojia alijua kuna mtu ameingia, akanyamaza. Kama simu ni ya nyumba nzima, mwambie asitume ujumbe wala asipige bila mpango. Chaji simu mapema. Video si lazima, sauti inatosha. Kubalianeni pia ni nani atapiga tena mtandao ukikatika.

"Nitajuaje kama si tapeli?"

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili. Mwulize namba yake ya usajili, aliyesoma hatakasirika. Uliza ada kabla, na utalipa vipi ukikosa siku moja. Kama huna uwezo, sema wazi, kisha njoo kliniki tutafute msaada katika hospitali ya umma. Anayekuahidi kupona kwa siku moja, au anayetaka umtumie pesa za mafuta na maji, mkimbie.

Mwisho, kuna wakati simu haitoshi. Mama akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, akikesha siku kadhaa bila kuhisi uchovu, akisema mtoto ni shetani, au akipanga kujiua, msimwache peke yake wala na mtoto. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msihofu polisi: mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kumwadhibu mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Huyo ni mgonjwa.

Andikeni namba hizi nyuma ya kitabu cha kliniki cha mtoto. Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199. Anayepigwa au kudhulumiwa nyumbani, 1195. Mtoto aliye hatarini, 116. Befrienders Kenya, kwa anayewaza kujiua, ni 0722 178 177.

Na yule mama? Alizungumza na mwanasaikolojia kwa miezi miwili. Juzi alimleta mtoto kupata chanjo ya surua ya miezi tisa. Mtoto alipodungwa akalia, mama akamkumbatia akamwambia, "Pole, mtoto wangu." Nililisikia lile neno "wangu," nikafurahi.

Wewe unayenisikiliza, kama hulali, usingoje siku ya kupima mtoto. Njoo kwa ajili yako. Niulize pembeni, nami nitafunga mlango. Mpaka kipindi kijacho, kwaherini na mkae salama.