Istilahi za Zana za Amri katika Kutengeneza Mageuzo ya Michezo ya Kompyuta

Wako wanaodhani kwamba michezo ya kompyuta ni jambo la watoto, na kwamba istilahi zake hazistahili kushughulikiwa. Fikira hiyo si sahihi. Vijana wengi huanza kujifunza kazi ya programu kwa kuugeuza mchezo wanaoupenda, na mwalimu anayetaka kuwaongoza kwa Kiswahili hana budi kuwa na maneno yasiyopotosha. Makala haya yanaeleza dhana chache za kazi hiyo na kupendekeza istilahi zake.

Mfano unaofaa ni mchezo wa Doom, uliotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani tarehe 10 Desemba 1993. Waundaji wake waliitenga programu na data inayotumiwa nayo. Picha, sauti, muziki na ramani zote zimewekwa katika faili moja kubwa la aina iitwayo WAD. Kila kipande cha data kilichomo tunapendekeza kiitwe donge. Faili huanza na kichwa chenye baiti 12: baiti 4 hutambulisha aina ya faili, 4 hutaja idadi ya madonge, na 4 huonyesha mahali ilipo saraka, yaani orodha ya madonge hayo. Katika saraka kila donge hupewa baiti 16: 4 za mahali linapoanzia, 4 za ukubwa wake, na 8 za jina lake.

Mtu akitaka kubadili sura ya mchezo, halazimiki kuligusa faili kuu. Hutengeneza faili dogo lenye madonge yake mwenyewe, na mchezo unapoanza, donge jipya hushika nafasi ya donge la zamani lenye jina lile lile. Faili hilo dogo twaweza kuliita kiraka, kwa kuwa huwekwa juu ya nguo bila ya kuishona nguo upya. Matokeo yake katika mchezo tunapendekeza yaitwe geuzo, wingi mageuzo. Neno rekebisho halifai, kwani hudokeza kwamba palikuwa na kosa. Na neno mageuzi limekwisha kuzoeleka katika mambo ya siasa na uchumi. Tofauti ya faili kuu na kiraka ina uzito wa kisheria pia: faili kuu ni mali ya wenye hakimiliki, hali kiraka chaweza kubeba kazi ya mtengenezaji wake peke yake. Mfasiri akiyachanganya maneno haya mawili, msomaji aweza kugawa asichoruhusiwa kukigawa.

Sasa tuitazame zana. Kuandika kiraka kwa mkono ni kazi ya mashaka. Donge moja likiongezeka ukubwa, yote yanayolifuata husogea, na mahali pa kila moja katika saraka pahesabiwe upya. Picha nazo hazina budi kuletwa katika rangi 256 za mchezo. Mwenye picha mia mbili hawezi kukosa kukosea. Kwa sababu hiyo ilitungwa, katika miaka ya 1990, programu iitwayo DeuTex. Programu hii haina vitufe wala picha za kubofya: mtumiaji huandika amri katika mstari mmoja, nayo hutenda. Hiyo ndiyo zana ya mstari wa amri. Tumechagua amri badala ya agizo, kwa kuwa mashine haijadili wala haikisii: herufi moja ikikosewa, kazi haifanyiki au hufanyika nyingine.

Zana hiyo ina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kutoa madonge katika faili na kuyaweka kila moja katika faili lake, pamoja na orodha ya maandishi inayoyataja. Baadhi ya wafasiri wangependa kuiita kufumua. Lakini mwenye kufumua mkeka hubaki na ukili, si mkeka. Ilhali hapa faili la asili hubaki zima. Kwa hiyo twapendekeza kuchota: mtu huchota maji, na kisima kikabaki kisima. Kazi ya pili ni kuyasoma yaliyoorodheshwa, kuyapatanisha na rangi za mchezo, kuhesabu saraka na kuunda kiraka. Hiyo twapendekeza kuiita kufungasha.

Kazi hizi zinapofanywa kwa amri moja iwezayo kurudiwa wakati wowote, husemwa kuwa ni otomatiki. Isifahamike kwamba mashine hujianzisha. Mtu ndiye aliyepanga orodha. Mashine humwondolea marudio tu. Mwalimu asipolieleza hili, mwanafunzi atadhani hana la kujifunza, kumbe orodha ndiyo elimu yenyewe.

Lipo jambo la mwisho, nalo ndilo linalowaponza wafasiri. Maneno ambayo mashine inayasoma, kama -extract na -make, yasifasiriwe kamwe. Anayeandika katika kitabu cha maelezo -chota au -fungasha amempa msomaji amri isiyotambulikana na mashine. Vivyo hivyo majina ya madonge: hayazidi herufi 8, na yakibadilishwa, donge jipya halitashika nafasi ya lile la zamani. Kanuni ni hii: linalosomwa na mashine liachwe kama lilivyo, linalosomwa na mtu lielezwe kwa Kiswahili kando yake.

Istilahi zilizopendekezwa hapa, yaani donge, saraka, kiraka, geuzo, zana ya mstari wa amri, kuchota na kufungasha, zinaletwa kwa wasomaji ili zipimwe katika kazi. Neno litakalomfikisha mwanafunzi kwenye tendo sahihi ndilo litakalostahili kusanifishwa.