Rangi za Lahajedwali na Suala la Ngeli

Lahajedwali ni jedwali la tarakilishi lenye safu za wima na za mlalo. Pale zinapokutana ndipo ilipo seli, nayo seli hutiwa neno, idadi au fomula. VisiCalc, programu iliyotangulia kuieneza zana hii katika tarakilishi ndogo, ilitolewa Marekani mwaka 1979 na Dan Bricklin na Bob Frankston. Uwezo wa seli kujibadilisha rangi kulingana na yaliyomo ulikuja baadaye. Excel 97 iliruhusu masharti matatu tu kwa seli, na mpaka huo uliondolewa katika toleo la 2007. Siku hizi hata mkusanyaji wa kamusi huutumia uwezo huu, na matumizi yake yanastahili kuchunguzwa, kwani yanafufua mjadala mkongwe wa sarufi: je, ngeli hutambulikana kwa umbo la nomino au kwa upatanisho wake?

Utaratibu wenyewe ni sahili. Mtumiaji haipaki seli rangi kwa mkono. Huiwekea sharti, na sharti likitimia rangi hujitokeza. Neno likibadilishwa, rangi nayo hubadilika papo hapo.

Na ichukuliwe orodha ya nomino iliyowekewa sharti kwamba kila neno lianzalo kwa ki- liwe kijani, yaani ngeli ya KI-VI. Kitabu, kiti na kisu hupata rangi hiyo kwa haki. Lakini kijana, kipofu na kiboko nao hupakwa kijani, ingawa husemwa kijana ameondoka, wala si kimeondoka. Chakula na chombo hubaki vyeupe. Likiongezwa sharti la ch-, chai na chumvi huingia bila kualikwa. Katika m- mambo huharibika zaidi. Mbunge, mbuyu na mbuga yana herufi tatu za kwanza zilezile, na kila moja lina ngeli yake: A-WA, U-I na I-ZI. Kuongeza urefu wa kiambishi katika sharti hakutatui tatizo hilo.

Tarakilishi haina lawama hapa. Imeulizwa juu ya herufi, nayo imejibu juu ya herufi. Wilhelm Bleek katika karne ya 19, na Carl Meinhof baada yake, walizipa ngeli za Kibantu nambari kwa kufuata viambishi, lakini hawakuacha kutazama wingi na upatanisho. Sharti la herufi mbili huacha yote hayo, kisha huyatangaza matokeo kwa rangi iliyokolea kiasi cha kumfanya msomaji aamini kwamba uchanganuzi umekwisha kufanywa.

Njia ifaayo ni kuufanya uchanganuzi kwanza. Safu A iwe ya nomino, safu B ya sentensi fupi yenye kitenzi, na safu C ya ngeli iliyothibitishwa kwa sentensi hiyo. Orodha ikianzia mlalo wa 2, milalo yote iteuliwe, kisha sharti liandikwe =$C2="A-WA". Alama ya dola huifunga safu C, hivyo mlalo mzima hupata rangi moja. Neno likibaki jeupe, huenda ngeli haijaandikwa, au nafasi tupu imeachwa baada ya herufi ya mwisho, kwa kuwa programu huihesabu nafasi hiyo kuwa tofauti.

Hatari kubwa zaidi imo katika sharti la kuonyesha maneno yanayojirudia. Paa mnyama na paa la nyumba hupakwa rangi moja kana kwamba ni nakala. Msaidizi mwenye haraka akifuta kila kilichopakwa, kamusi hupoteza neno, na hakuna rangi itakayomwarifu. Sharti hilo na lisomwe pamoja na safu ya ngeli, ambamo paa mmoja ni A-WA na jingine ni LI-YA.

Kuhusu uteuzi wa rangi, uchache ni bora. Kiswahili chenyewe kina vivumishi vitatu tu halisi vya rangi, -eupe, -eusi na -ekundu. Kijani, manjano, kahawia na kijivu yametokana na majani, bizari, kahawa na majivu. Aidha, wapo wasomaji wasiotofautisha nyekundu na kijani, na karatasi ikichapwa kwa wino mweusi rangi zote huwa kijivu. Kwa hiyo safu C isifichwe, hata orodha ikisha kupakwa rangi.