Kufifisha Nyuma ya Picha ya Mnyama Bila Kuua Oda

Leo naongea na wale tunaouza picha za wanyama mtandaoni: kanvasi, fremu, kalenda, kadi, hata fulana. Duka langu lipo Arusha na picha nyingi nanunua kwa madereva wa safari. Mara nyingi mnyama ametoka vizuri kabisa, ila nyuma yake kuna magari ya watalii na kichaka kimevurugika. Hapo mkono unakimbilia kwenye apu kufifisha nyuma.

Kufifisha sio dhambi. Shida ni kwamba kwenye kioo cha simu kila kitu kinaonekana safi. Mteja analipia kanvasi ya A2, sentimita 42 kwa 59.4, akiitundika ukutani anaona sikio la simba limeliwa nusu na sharubu hazipo. Hela ya kuprinti imeshaenda, na huyo mteja hakuletei mwenzake tena.

Lenzi inafanyaje kazi

Ukielewa hapa, mengine yote yatakuwa rahisi. Lenzi haijui mnyama ni yupi na nyuma ni wapi. Yenyewe inajua umbali tu. Kilichopo kwenye umbali uliofokasi kinatoka kikali, na kadri kitu kinavyokaa mbele au nyuma ya hapo kinafifia kidogo kidogo.

Chukua kamera yenye kihisi kikubwa (fulu fremu), lenzi ya milimita 400, tundu la f/5.6. Simba akiwa mita 20, ukanda unaotoka mkali una unene wa kama sentimita 84. Akisogea mita 10, unabaki kama sentimita 21 tu: macho makali, mkia umeshafifia. Akiwa mita 40, ukanda unafika zaidi ya mita 3. Kumbe ukiwa karibu, ukiwa na lenzi ndefu na tundu kubwa, na nyuma ya mnyama pakiwa mbali, ukungu unakuja wenyewe.

Simu ina kihisi kidogo, kwa hiyo karibu kila kitu kinatoka kikali. Ule ukungu wa simu unatengenezwa na programu, nayo inakisia. Kazi yako ni kusahihisha makisio yake.

Unavyohariri

1. Anza na miguu. Ardhi aliyokanyaga mnyama ipo umbali mmoja na yeye, kwa hiyo lazima ibaki kali. Ukungu uongezeke taratibu kwenda nyuma, na kidogo kuja mbele. Ukififisha nyasi zote mpaka kwenye kwato, pundamilia wako anaelea kama puto.

2. Tafuta matundu. Katikati ya miguu ya twiga, ndani ya pembe za swala pala, kati ya mkonga na pembe za tembo. Apu nyingi zinasahau hapo, nyasi za mbali zinabaki kali. Zififishe kwa brashi ndogo.

3. Manyoya yasikatwe kama kwa mkasi. Kwa simba dume, sharubu na manyoya ya shingoni yarudishe kwa brashi laini. Ukiona mwanga mwembamba umemzunguka mnyama, rangi yake imevujia kwenye ukungu. Rekebisha ukingo kwanza.

4. Vya umbali mmoja vibaki pamoja. Chui amelala juu ya tawi? Sehemu ya tawi aliyolalia ibaki kali kama yeye. Pundamilia wawili wamesimama bega kwa bega? Usimfifishe mmoja.

5. Rudisha chenga. Picha ya jioni huwa na chenga kidogo. Ukififisha nyuma, pale panakuwa laini kama plastiki wakati mnyama bado ana chenga zake. Ongeza chenga kidogo kwenye ukungu. Hii pia inapunguza ile michirizi inayotokea angani ukiprinti.

Lightroom ina sehemu ya kufifisha inayokisia umbali wa vitu kwenye picha, halafu unasahihisha kwa brashi. Snapseed inakupa ukungu wa duara au wa mstari. Duara linafaa picha ya kichwa peke yake, ila mnyama mzima aliyesimama usimfanyie duara, litamkata miguu.

Usifute kinachouza

Kuna picha ambazo nyuma ndiyo bidhaa yenyewe. Tembo wa Tarangire na mibuyu, au tembo wa Amboseli na Kilimanjaro kwa mbali. Mtalii anataka mlima uonekane, maana ndiyo kumbukumbu yake. Hapo punguza mwanga na rangi ya kile kinachosumbua, mlima uache. Na kama kinachosumbua ni gari, kulififisha hakuliondoi. Linabaki doa jeupe kubwa. Mara nyingi kukata picha pembeni kunasaidia zaidi.

Kabla ya kuprinti

Fungua picha kwa asilimia 100 kwenye kompyuta, pita ukingo wote wa mnyama, kuanzia masikio mpaka kwato. Kisha fanya hivi: A2 moja ni sawa na A4 nne. Kata kipande cha uso na kipande cha miguu kwa saizi ileile ya oda, printi kwenye A4 ya kawaida, kibandike ukutani, rudi nyuma hatua mbili. Karatasi mbili za A4 ni nafuu mno kuliko kanvasi ya kurudia.

Mpiga picha akikutumia faili kwa WhatsApp, mwambie atume kama dokumenti, maana ikija kama picha ya kawaida inabanwa na pikseli zinapotea. Faili lake la asili litunze bila kuligusa. Mteja akiuliza kama nyuma imefanyiwa kazi, mwambie ukweli. Kwa mapambo ya ukutani wengi hawana neno. Ila akisema anaipeleka kwenye gazeti au shindano, mpe ile ya asili, kwa sababu huko kubadilisha picha kunaweza kumletea matatizo, na jina litakaloharibika ni la duka lako.

Kama una picha inakusumbua, weka kwenye komenti tuiangalie pamoja. Kazi njema.